Thamani ya Maji Katika Shamba Dogo la Miwa

Hotuba kwa viongozi wa AMCOS (vyama vya ushirika vya mazao na masoko) za wakulima wa miwa, wataalamu wa maji na wanafunzi wa kilimo, Dar es Salaam

Ndugu Mwenyekiti, viongozi wa AMCOS mliosafiri kutoka Kilombero, Kilosa na Mvomero, wataalamu wa mabonde, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana, habari za asubuhi.

Dar es Salaam si mji wa miwa, lakini ni mji unaoishi kwa maji ya Morogoro. Maji ya mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini chanzo chake ni milima ya Uluguru. Umeme tunaoutumia hapa, sehemu yake kubwa inatokana na maji ya bonde la Rufiji: Kidatu megawati 204, Kihansi 180, na sasa bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Na katika maji yote yanayoingia Rufiji, zaidi ya nusu yanatoka bonde la Kilombero, kuliko na mashamba ya miwa ya Msolwa Ujamaa, Sanje na Mkula. Ruvu iliposhuka mwishoni mwa 2022 na jiji likaingia kwenye mgawo, kila kaya hapa ilijua siku hiyo ndoo ya maji inauzwa shilingi ngapi. Mkulima wa miwa hana bei ya namna hiyo. Maji yake hayana mita, hayana ankara, na yakikosekana hasara yake inaandikwa kwa jina jingine: miwa mifupi, tani pungufu kwenye mizani, mkopo usiolipika.

Tunachotaka kukionyesha asubuhi hii ni kwamba maji hayana thamani moja. Mita moja ya ujazo ina thamani tofauti kulingana na wiki inapofika, ikiwa ipo ndani ya udongo au bado ipo mtoni, na nani anaingoja huko chini. Mtu yeyote anayekuja na bei moja ya maji kwa bonde zima na kwa mwaka mzima, kuna mtu anamwonea. Mara nyingi anayeonewa ni mkulima mdogo, kwa sababu mwenzake anakuja mezani na hesabu, na yeye anakuja na malalamiko. Kwa hiyo tufanye hesabu.

Wataalamu huita huduma za mfumo ikolojia zile kazi ambazo asili inatufanyia bila kutuletea bili. Msitu wa Udzungwa unashika mvua na kuiachia taratibu hadi kiangazi. Udongo unaiweka akiba kwenye mizizi. Kinamasi kinachuja tope na kupunguza kasi ya mafuriko. Bonde la Kilombero limeorodheshwa kama eneo la Ramsar, yaani ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa, tangu 2002 kwa sababu hiyo hiyo. Mkulima anayetegemea mvua, na wengi wa wakulima wadogo wa Kilombero na Mtibwa ndivyo walivyo, huduma yake kuu si mto. Ni mvua iliyoingia ardhini ikabaki pale. Nasisitiza hili kwa sababu mijadala mingi ya thamani ya maji huanza na pampu, wakati sehemu kubwa ya maji ya muwa haijawahi kupita kwenye pampu yoyote.

Muwa unahitaji kiasi gani? Kwa msimu mzima, kati ya milimita 1,500 na 2,500 zilizotawanyika vizuri, kulingana na joto, upepo na urefu wa msimu. Milimita moja ya mvua kwenye ekari moja ni lita 4,047, yaani mita za ujazo 4 na kidogo. Hivyo hata tukichukua kiwango cha chini, ekari moja ya miwa inatumia takriban mita za ujazo 6,070 hadi kuvunwa. Sehemu ndogo sana ya maji hayo hupakiwa kwenye trela pamoja na muwa; mengine yote hupanda hewani kupitia majani na uso wa udongo.

Kabla ya kuuliza maji hayo yana thamani gani, lazima tujue ni mangapi yalifika. Hapo ndipo vyama vyetu vingi vina pengo, na ni pengo la kuzibika kwa gharama ndogo mno. Kipimamvua cha kuanzia ni kopo lenye kuta zilizonyooka na mdomo usiobanwa, lifungwe kwenye mti wa mita moja na kuendelea, mahali palipo wazi. Kama kuna mwembe jirani wenye urefu wa mita 8, kopo likae umbali wa mita 16 au zaidi. Kina kipimwe kwa rula kila siku saa 3 asubuhi, kopo limwagwe, tarehe iandikwe. Chupa ya plastiki yenye kitako chenye mabonde inadanganya, kwa sababu milimita za kwanza zinajaa kwenye mabonde yale. Kwanza ijazwe maji hadi mahali iliponyooka na hapo ndipo sifuri iwekwe. Kosa jingine ni kuacha kuandika siku ambazo haikunyesha. Daftari lisilo na sifuri halitofautishi siku kavu na siku ambayo mpimaji hakwenda.

Kwa mfereji mdogo au bomba la mserereko, ndoo ya lita 20 na saa ya simu vinatosha. Ndoo ikijaa kwa sekunde 8, mtiririko ni lita 2.5 kwa sekunde, sawa na mita za ujazo 9 kwa saa. Ukitaka kuipa ekari moja milimita 100, ambazo ni mita za ujazo 405, mfereji huo utafanya kazi saa 45. Mkulima akijua namba hiyo, ugomvi wa zamu unabadilika sura, kwa sababu sasa anajua kwamba zamu ya saa 6 haijampa hata robo ya anachohitaji.

Mfereji mkubwa unahitaji ubao wenye pengo la umbo la V, la nyuzi 90. Ubao huo ukizuia mfereji wote na maji yakapita kwenye pengo tu, kina cha sentimita 10 ni lita 4.4 kwa sekunde, sentimita 15 ni lita 12, na sentimita 20 ni karibu lita 25. Angalieni jinsi namba zinavyoruka: kina kikiongezeka mara mbili, maji huongezeka zaidi ya mara tano. Ndiyo maana kosa la sentimita moja pale kwenye sentimita 10 linakupa kosa la karibu robo ya mtiririko wote. Kingo za pengo ziwe nyembamba na kali, bati linafaa kuliko mbao nene. Maji yadondoke kwa uhuru upande wa chini, yasirudi kuufunika ubao. Na kina kisipimwe kwenye pengo lenyewe, kwa sababu hapo maji yameshaanza kushuka; kipimwe nyuma, kwa umbali usiopungua mara nne ya kina hicho. Tope likijaa nyuma ya ubao, namba zote zinaharibika, kwa hiyo fundi wa mfereji awe na siku ya kulizoa.

Sasa tuje kwenye akiba iliyomo ardhini. Udongo wa tifutifu unaweza kushika takriban milimita 140 za maji yanayopatikana kwa mmea katika kina cha mita moja. Mchanga hushika pungufu, mfinyanzi zaidi. Muwa unaweza kutumia karibu asilimia 65 ya akiba hiyo kabla haujaanza kuumia. Hiyo ni milimita 91. Muwa ukitumia milimita 5 kwa siku, akiba inadumu siku 18. Huo ndio uhai wa shamba lisilo na umwagiliaji kati ya mvua na mvua. Lakini namba hiyo inadhani mizizi imefika mita moja. Shamba lililokandamizwa na trela zilizoingia wakati udongo ungali umelowa huwa na mizizi inayogota sentimita 40 chini. Akiba ya siku 18 inakuwa ya siku 7. Mkulima ataona mvua imenyesha vizuri kama ya jirani na miwa yake imejikunja, atalaumu mbegu. Kutifua tabaka lile gumu, na kuzuia matrekta yasiingie kwenye udongo uliolowa, ni uwekezaji wa maji, hata kama hakuna tone lililoongezwa.

Wakati ni jambo ambalo naomba tulikalie kidogo, kwa sababu hapo ndipo thamani ya maji inapopanda na kushuka. FAO, shirika la Umoja wa Mataifa la chakula na kilimo, ina vigezo vinavyojulikana vya jinsi miwa inavyojibu upungufu. Kwa msimu mzima kigezo ni 1.2, maana yake maji yakipungua kwa asilimia 10 ya mahitaji, mavuno yanapungua kwa asilimia 12. Upungufu wa asilimia 10 ukitokea wakati wa kuchipua na kutanuka peke yake, hasara ni karibu asilimia 7.5. Wakati wa kujaza shina ni asilimia 5. Wakati wa kukomaa ni asilimia 1 tu. Na wakati huo wa kukomaa kuna jambo jingine: muwa unaoendelea kupata maji mengi unaendelea kurefuka badala ya kuweka sukari, na malipo kiwandani yanaangalia kiwango cha sukari pamoja na tani. Kwa hiyo maji ya wiki za mwisho yanaweza kuwa na thamani hasi. Anayemwagilia hukata maji wiki 4 hadi 8 kabla ya kuvuna, wiki chache kwenye mchanga, nyingi kwenye mfinyanzi.

Hapa ratiba ya uvunaji inageuka kuwa suala la maji. Mkulima akikata maji kwa kuambiwa atavunwa Agosti, kisha zamu ikasogezwa hadi Oktoba, muwa umekauka kupita kiasi, uzito umeshuka, na maji yote aliyoyatumia miezi iliyopita yamepoteza sehemu ya thamani yake kwa sababu ambayo haina uhusiano na mto. Vivyo hivyo muwa uliochomwa na kukatwa, ukakaa shambani zaidi ya siku mbili ukisubiri trela, sukari inaharibika. Kiongozi wa AMCOS anayejadili ratiba na kiwanda, ajue kwamba mezani ameweka na maji ya wanachama wake.

Tufanye hesabu ya pesa sasa. Bei nitakazotumia ni za mfano, kila chama kiweke za msimu wake. Chukua ekari inayoweza kutoa tani 35 ikipata maji yote, milimita 1,500. Tani inauzwa shilingi 100,000, na kukata, kupakia na kusafirisha kunakula 30,000, inabaki 70,000. Upungufu wa asilimia 10 ni milimita 150, sawa na mita za ujazo 607 kwa ekari. Hasara yake ni asilimia 12 ya tani 35, yaani tani 4.2, ambazo ni shilingi 294,000. Gawanya kwa 607: kila mita ya ujazo iliyokosekana kwenye mizizi ilikuwa na thamani ya shilingi 484.

Hizo 484 ni za maji yaliyofika kwenye mizizi. Maji ya mtoni ni habari nyingine. Umwagiliaji wa mifereji kwa kawaida hufikisha karibu asilimia 60 ya maji yaliyochotwa, vinyunyizio 75, matone 90. Kwa mifereji, ili mita za ujazo 607 zifike, lazima uchote 1,012. Thamani kwa kila mita iliyotoka mtoni inashuka hadi shilingi 290. Bado kuna pampu. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa mita moja kwenda juu kunahitaji nishati ya wati-saa 2.7. Kwa mita za ujazo 1,012 na mwinuko wa mita 10, ni kama uniti (kilowati-saa) 27.6. Pampu ndogo ya petroli hugeuza takriban sehemu moja ya kumi tu ya nguvu ya mafuta kuwa maji yaliyopanda, kwa hiyo utachoma lita 31 hivi, na zaidi kama bomba ni jembamba au linavuja. Kwa shilingi 3,000 kwa lita, hizo ni 93,000. Ongeza vibarua, oili na matengenezo, tuseme 80,000. Zimebaki 121,000, ambazo ni kama shilingi 120 kwa kila mita ya ujazo iliyochotwa. Hicho ndicho kiwango cha juu kabisa ambacho mkulima huyu anaweza kulipia maji ya mto bila kuingia hasara. Na kama ameiweka pampu juu sana ya kina cha maji, tatizo si gharama tu: zaidi ya mita 7 za kuvuta, pampu ya kawaida inashindwa, inavuta hewa na kuungua. Ishushwe ikaribie maji, isukume badala ya kuvuta.

Wekeni namba mbili hizo pamoja: 484 na 120. Mita ileile ya ujazo ikiwa tayari imo kwenye udongo ina thamani mara nne ya ile inayosubiri mtoni. Kwa mkulima mdogo, huduma ya asili yenye thamani kubwa kuliko zote ni uwezo wa udongo wake kushika mvua, na ndiyo huduma tunayoiharibu kila msimu kwa moto wa kuchoma miwa kabla ya kuvuna.

Miwa ikivunwa bila kuchomwa, kwa kila tani 7 za miwa hubaki kama tani moja ya majani makavu. Ekari ya tani 20 inaacha karibu tani 3. Yakitandazwa, yanakinga jua, yanazuia matone ya mvua kupiga udongo, yanapunguza palizi. Tuseme, kwa mfano tu, yanaokoa milimita 50 kwa msimu. Hiyo ni asilimia 3.3 ya mahitaji, mavuno yanapanda kwa asilimia 4 ya tani 35, yaani tani 1.4, au shilingi 98,000 kwa ekari, bila lita moja ya petroli.

Kwa nini basi watu wanachoma? Sababu ni za kweli na zinahitaji majibu. Wakata miwa hawapendi miwa mibichi yenye majani: inakwaruza, ina nyoka, na kwa siku mtu anakata pungufu, kwa hiyo anataka malipo zaidi. Tofauti hiyo ya malipo ikizidi 98,000 kwa ekari katika mfano wetu, kuchoma kuna mantiki ya kifedha kwa mkulima, na hatuwezi kumhubiria. Pili, mashamba madogo huvunwa kwa bloku, yaani kundi la mashamba jirani yanayovunwa pamoja. Mwenye ekari moja katikati ya bloku hawezi kuamua peke yake kutochoma. Moto wa jirani hauna mpaka. Uamuzi huu ni wa bloku nzima, na ni AMCOS inayoweza kuuandika kwenye ratiba. Tatu, kwenye mfinyanzi unaotuamisha maji, majani mengi huchelewesha machipukizi. Hapo yasogezwe kutoka juu ya mashina, yawekwe kila nafasi ya pili kati ya mistari. Na urea isimwagwe juu ya majani, kwa sababu sehemu kubwa ya naitrojeni itaruka hewani. Ichimbiwe pembeni mwa shina. Bloku ambayo lazima ichomwe, basi vilele vya kijani visichomwe baadaye. Vitandazwe. Si kinga kamili, lakini ni kinga.

Mtu aliyeketi hapa na anayenunua dumu la lita 20 kwa shilingi 300 anaweza kushangaa. Madumu 50 ni mita moja ya ujazo, kwa hiyo yeye analipa 15,000 kwa kitu ambacho mkulima anakithamini kwa 120. Tusiingie mtego huo. Shilingi 15,000 inalipia kuchuja, kusukuma, tanki, mkokoteni na faida ya muuzaji. Maji yaliyo Kidatu hayawi maji ya Mbagala kwa kutajwa bei. Ulinganisho halali unafanyika mahali pamoja na wakati mmoja: mita moja ikiachwa mtoni Kilombero mwezi Oktoba, inamfaa nani huko chini, na kwa kiasi gani?

Mtego mwingine upo kwenye njia ambayo wanafunzi wetu huipenda, ya thamani inayobaki: chukua mapato yote, toa gharama zote zisizo za maji, kinachobaki kipe jina la maji. Njia ni rahisi, na inapotosha pale gharama zinaposahauliwa. Kama familia ilifanya kazi siku 40 za palizi bila kulipwa na kibarua analipwa 10,000 kwa siku, shilingi 400,000 za jasho la mama na watoto zimeandikwa kuwa ni thamani ya maji. Ukigawa kwa mita 5,000, umeongeza shilingi 80 kwa kila mita ambazo hazipo. Bei ya kibali ikipangwa kwa hesabu hiyo, familia inatozwa kwa kazi yake yenyewe. Gharama ya kukodi ardhi, hata kama shamba ni la urithi, nayo itolewe kwenye mapato.

Twende upande wa mto. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 kutoka kingo za mto zilindwe dhidi ya shughuli za kudumu au zinazoweza kuhatarisha mto. Tunaiunga mkono kwa moyo wote: pale miwa ilipofika ukingoni, mizizi mifupi haishiki ukingo, mafuriko yanakata udongo, na mbolea na dawa za magugu zinateremka bila kuchujwa. Lakini tuipime kwa macho ya mwenye shamba. Mita 60 kwa mita 67 ni ekari nzima. Mkulima ambaye shamba lake linagusa mto kwa mita 67 anaombwa kuachia ekari. Kwa tani 20 na shilingi 70,000, na gharama za kulima 900,000, anaachia shilingi 500,000 kila mwaka, kwa faida inayokwenda kwa watu walio chini. Kumwita mharibifu wa mazingira bila kuijua namba hiyo si haki.

Na faida ya walio chini nayo inahesabika. Maji yakija na tope, mtambo wa kusafisha unaongeza shabu. Mtambo wa Ruvu Juu una uwezo wa lita milioni 196 kwa siku. Kipimo cha shabu kikipanda kwa miligramu 10 tu kwa lita, ni kilo 1,960 za ziada kila siku, karibu tani mbili, mbali na tope la kuzoa na vichujio vya kuosha mara kwa mara. Tope la Ruvu linatoka zaidi kwenye kilimo cha miteremko ya Uluguru kuliko kwenye miwa, na ni vema tuseme hivyo. Lakini hesabu ni ileile kwa Mto Wami, ambako Chalinze inachota maji chini ya mashamba ya Mtibwa.

Nchi hii imeshajaribu kumlipa anayetunza chanzo. Kwenye Uluguru, wakulima wa Kibungo Juu walilipwa kwa kuchimba matuta na kupanda miti kati ya mazao, na DAWASCO, shirika la maji la Dar es Salaam la wakati huo, ilikuwa miongoni mwa wachangiaji. Mpango wa namna hiyo ukiletwa kwenye miwa, usilipe kwa idadi ya miche. Miche inahesabika kirahisi na inakufa kirahisi, na kuna miti, kama mikaratusi, inayokunywa maji mengi na haifai karibu na chemchemi. Ulipe kwa mita za ukingo zilizo na uoto baada ya masika, zikikaguliwa na watu wa juu na wa chini kwa pamoja. Malipo yakome ukingo ukilimwa, na hilo liandikwe tangu siku ya kwanza.

Jambo ambalo wengi hulisahau ni maji yanayorudi. Maji yanayopotea kwenye mfereji hayapotei yote; mengine yanazama na kurudi mtoni. Mkulima akifunga matone na akatumia maji aliyookoa kuongeza ekari, muwa unakunywa zaidi na mto unapata pungufu kuliko zamani, ingawa ripoti itasema ufanisi umepanda. Ruaha Mkuu, unaopita Mtera na Kidatu kabla ya kufika kwenye mashamba yetu, ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Ruaha mwaka 1993, wakati huko Usangu, juu ya mto, kila mmoja alikuwa akichota kidogo tu. Kwa hiyo chama kinachoomba msaada wa mitambo ya matone kiseme na ekari zake zitabaki ngapi.

Hili linatufikisha kwenye vibali. Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009, Bodi ya Maji ya Bonde ndiyo inayotoa kibali cha kutumia maji, na wakulima wanaweza kujiunga kwenye Jumuiya ya Watumia Maji wakasemea mto wao pamoja. Kibali kinachotaja kiwango kimoja kwa mwaka mzima hakimsaidii mtu: Aprili mto umejaa na muwa hauhitaji, Oktoba mto ni mwembamba na kila mmoja anahitaji. Tunaziomba bodi zilizowakilishwa hapa ziandike kibali cha miwa kwa miezi, kwa sehemu ya mtiririko uliopimwa badala ya lita zisizobadilika, na kwanza zitenge maji ya mto wenyewe na ya vijiji vinavyokunywa. AMCOS kwa upande wao walete daftari la mvua la msimu mmoja kamili, vipimo vya mfereji vya kila wiki kuanzia Juni hadi Novemba, na tarehe halisi za kuvunwa kwa kila bloku. Bila daftari hilo bodi haina pa kuanzia, na kwa uzoefu wa kazi hii, maombi yenye daftari ndiyo yanayojadiliwa kwa namba.

Rasimu ya kibali cha namna hiyo ipo mbele yenu, kurasa mbili. Tungependa tuipitie kifungu kwa kifungu kabla ya chakula cha mchana, tukianza na safu ya Oktoba. Asanteni sana.